Vichupa vya Marashi na Mafuta vya Wagiriki na Warumi wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwenye majumba ya makumbusho yenye sehemu ya Ugiriki na Roma, vichupa hivi hupangwa kwa makumi ndani ya kabati la pembeni, na wageni wengi huvipita wakikimbilia sanamu. Wachache wanaosimama huuliza karibu maswali yaleyale.

Ndani mlikuwa na nini hasa?

Mafuta, karibu siku zote. Marashi mengi ya dukani leo yamechanganywa na spiriti, ndiyo maana ukijipulizia yanakauka papo hapo. Wagiriki na Warumi hawakutumia spiriti. Harufu waliitia kwenye mafuta ya zeituni ambazo hazijaiva, ya ufuta, au ya lozi chungu. Anayejipaka atari kule Mombasa au Unguja ameshapata picha: tone moja nyuma ya sikio, linateleza, na linakaa hadi jioni.

Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kitabu kizima kuhusu harufu, na humo ndimo tunamopata ufundi wenyewe. Kwanza mafuta yalipikwa na viungo vya kuyakaza, ili yawe tayari kupokea harufu. Baada ya hapo ndipo kikaingia kiungo kilichokusudiwa. Chombo hakikutelekwa juu ya moto. Kilisimamishwa ndani ya maji ya moto, kwa sababu mafuta yakiungua kazi yote imepotea. Tena anasema kiungo kinachotiwa mwisho ndicho kinachotawala, hata kikiwa kidogo kuliko vingine.

Kazi hii ilikuwepo muda mrefu kabla yake. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa katika ikulu ya Pylos, kusini mwa Ugiriki, ya mnamo mwaka 1200 KK, yanawataja mafundi wa marashi kwa majina. Mmoja wao, Thyestes, ameandikiwa mgao wa giligilani, asali, divai na sufu. Ni hesabu kavu ya karani wa ghala, lakini ukiisoma unamwona mtu yuko kazini.

Si kila kichupa kilibeba marashi, lakini. Vya wanamichezo vilikuwa na mafuta ya zeituni matupu, na vichache vilikuwa na unga wa kujipodoa.

Mbona ni vidogo hivyo?

Kwa sababu kilichomo kilikuwa ghali, na kiliharibika haraka.

Tuanze na bei. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, anasema kuna marashi yaliyozidi dinari 400 kwa ratili moja. Anayeisoma Injili ya Marko anakijua kibweta cha marhamu ya nardo ambacho watu walinung'unika kwamba kingeuzwa kwa zaidi ya dinari 300. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, dinari moja ni ujira wa kutwa. Yaani karibu mwaka mzima wa vibarua umemiminwa kichwani kwa dakika moja. Pliny mwenyewe aliona kichekesho: lulu huwafikia warithi, nguo hudumu kwa muda, lakini marashi hufa saa ileile yanapotumika, na aliyejipaka hata hayasikii vizuri, wanaoyafaidi ni wenzake.

Kuhusu kuharibika: mafuta huchacha yakikutana na hewa, joto na mwanga. Chombo kikubwa kinachofunguliwa kila siku kinaharibu chote kilichomo. Kidogo kinaisha kabla hakijachacha.

Kwa nini mdomo ni mpana kama kisahani na tundu ni dogo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake linafungua yaliyobaki. Vyombo hivi vimeumbwa kwa ubahili. Kila kiungo chake kina kazi ya kubania tone.

Chukua aribalo, kile kichupa cha mviringo kinachotosha kiganjani, kwa kawaida cha urefu wa sentimita 5 hadi 8. Tundu lake ni jembamba kiasi cha kupitisha tone, basi, na shingo fupi inazuia mafuta yasimwagike kwa pamoja hata kichupa kikiinama. Juu ya shingo kuna mdomo bapa, mpana kuliko unavyotarajia. Unainamisha kichupa, tone linatoka na kutulia juu ya ule ubapa, unalipangusa kwa kidole au unaugusisha mdomo wenyewe kwenye ngozi. Kilichobaki hurudi tunduni. Hakuna kinachodondoka chini.

Ukishaliona hilo, utaliona kila mahali. Kuna chombo kingine kilicho wazi kama bakuli chenye ukingo uliokunjwa kuelekea ndani, kiasi kwamba ukikitikisa au kukiinamisha, mafuta hugonga ukingo na kurudi. Warithi wake wa siku hizi ni vidau vya wino vya zamani, vile visivyomwaga.

Aina kuu ni zipi, na nitazitambuaje?

Aribalo tumeshaigusa. Ilishamiri Korintho katika karne ya 7 na ya 6 KK, ikasafirishwa hadi Sicily na Italia. Pliny anasema marashi ya mzizi wa irisi ya Korintho ndiyo yaliyopendwa kuliko mengine kwa muda mrefu, kwa hiyo si ajabu mji huohuo ndio uliotoa vichupa vingi hivi. Maarufu kuliko zote ni ile iitwayo aribalo ya Macmillan, iliyoko British Museum, ya mnamo mwaka 640 KK. Ina urefu wa takriban sentimita 7 tu, na sehemu yake ya juu imefinyangwa kuwa kichwa cha simba anayeachama. Chini ya kichwa, kuzunguka mwili, zimepangwa safu tatu za picha, kila moja nyembamba kuliko iliyo juu yake: askari wa ngao na mikuki wakipigana, kisha mbio za farasi, kisha msako wa sungura. Kila ngao ina alama yake. Fundi alitumia brashi yenye nywele chache sana, na sijui mtu anayeitazama bila kusogeza pua hadi kwenye kioo cha kabati.

Alabastro ni ndefu, nyembamba, na kitako chake ni cha mviringo, hivyo haiwezi kusimama yenyewe. Ilining'inizwa kwa kamba au kuwekwa kwenye kishikilizi. Za mwanzo zilichongwa Misri kwa jiwe la alabasta. Wagiriki wakaiga umbo hilo kwa udongo, na baadaye kwa kioo. Kwenye michoro ya Athene utaiona mikononi mwa wanawake.

Lekitho ina mwili mrefu, bega lililo wazi, shingo nyembamba na mkono mmoja. Hiyo ni kubwa kidogo, nyingi zikiwa kati ya sentimita 15 na 40, na ina swali lake hapo chini.

Ungwentari ndiyo utakayoiona kwa wingi kuliko zote, na ndiyo isiyo na madaha hata kidogo: haina mkono, mara nyingi haina pambo. Za mwanzo, kuanzia karne ya 4 KK, zimetunisha tumbo katikati na kuchongoka juu na chini. Kuelekea mwisho wa karne ya 1 KK zikawa na tumbo chini na shingo juu, halafu kioo kikachukua nafasi ya udongo.

Na vile vyenye umbo la mnyama?

Hivyo ni vya karne ya 7 na ya 6 KK hasa, kutoka Korintho, kisiwa cha Rhodes na miji ya Wagiriki iliyokuwa pwani ya Uturuki ya leo. Kuna kalunguyeye, sungura, bundi, nyani aliyechuchumaa, kichwa cha askari mwenye kofia ya chuma, hata mguu mmoja uliovaa ndara, kamba zake zote zimechorwa. Baadaye wafinyanzi wa Athene walitengeneza pia vyombo vyenye vichwa viwili vilivyopeana kisogo, kimoja cha Mgiriki na kingine cha Mwafrika. Kazi yake ilikuwa ileile: kuvutia macho ya mnunuzi. Wauzaji wa marashi leo hawajabadilika sana.

Wanamichezo walihitaji mafuta ya nini?

Walifanya mazoezi uchi, wamejipaka mafuta mwili mzima, kisha vumbi likawashika. Baada ya mazoezi walijikwangua kwa upamba wa shaba uliopinda, ndipo wakaoga. Kwa hiyo mwanamichezo alitoka nyumbani na vitu viwili: kikwangulio, na aribalo iliyofungwa ukanda wa ngozi na kuning'inia kwenye kifundo cha mkono. Kuna mtungi mkubwa wa mchoraji Euphronios huko Berlin, wa mnamo mwaka 510 KK, unaomwonyesha kijana akiinamisha aribalo na kumimina mafuta kiganjani kwa uangalifu wote.

Warumi walirithi desturi hiyo na kuipeleka kwenye hamamu. Pompeii kumepatikana pete za shaba zilizotungwa vikwangulio kadhaa pamoja na kichupa cha mafuta, seti nzima ya kwenda kuoga.

Uchafu uliokwanguliwa haukutupwa. Mchanganyiko wa mafuta, jasho na vumbi uliuzwa kama dawa, na Pliny anasema wasimamizi wa viwanja vya mazoezi waliwahi kuuuza kwa sesterti 80,000, sarafu ndogo za Kirumi. Ubahili niliousema haukuishia kwenye umbo la chupa.

Kwa hiyo wanaume nao walijipaka marashi?

Walijipaka, na wakasemwa kwa hilo. Xenophon, mwandishi wa Athene, anamweka Socrates karamuni akikataa marashi na kusema harufu ya mafuta ya uwanja wa mazoezi inamtosha mwanamume. Roma, mwaka 189 KK, wakuu wa maadili walipiga marufuku uuzaji wa marashi ya kigeni. Marufuku hayo hayakufua dafu. Kufikia wakati wa Pliny kulikuwa na watu wanaojipaka hadi nyayoni.

Nimeona lekitho nyeupe zenye picha za makaburi. Ni za nini?

Hizo ni za Athene, karne ya 5 KK, na zilitengenezwa kwa ajili ya wafu. Mwili wake umepakwa udongo mweupe, kisha picha zikachorwa kwa mistari myembamba na kutiwa rangi nyekundu, njano, pengine buluu: mwanamke akiandaa kikapu cha kupeleka kaburini, kijana ameketi mbele ya jiwe la kaburi, Charon, mvushaji wa roho za wafu, akisubiri na mtumbwi wake. Rangi hizo hubanduka kwa kuguswa tu. Kwa chombo cha nyumbani zisingefaa, lakini hiki kilikuwa kinakwenda kaburini, hakina safari nyingine.

Mafuta yaliyokuwa ndani yalikuwa sadaka kwa marehemu. Na hapa kuna ujanja ambao haujulikani sana. Baadhi ya lekitho kubwa zina kikombe kidogo kilichofichwa ndani, kimeunganishwa na shingo. Ukimimina mafuta, kikombe kinajaa, mafuta yanafika mdomoni, na waombolezaji wanaona chombo kizima kimejaa. Chini ya kikombe ni hewa tupu. Wataalamu hukigundua kwa eksirei, au kwa kile kitundu ambacho mfinyanzi alitoboa mwilini ili hewa iliyofungiwa isipasue chombo jokoni. Tusiwahukumu haraka. Mafuta yalikuwa na bei, wafu walikuwa wengi, na mji ulikuwa vitani kwa miaka mingi.

Lekitho ya kawaida, kwa upande mwingine, ilikuwa kitu cha kila siku kiasi cha kutaniwa. Katika tamthilia ya Vyura ya mwaka 405 KK, Aristophanes anamfanya mtunzi wa tamthilia Aeschylus aharibu beti za mtunzi mwenzake Euripides kwa kuzimalizia kila moja na maneno yaleyale: "akapoteza kilekitho chake." Shujaa anasafiri baharini, akapoteza kilekitho chake. Mwingine anatoa sadaka, akapoteza kilekitho chake. Watazamaji walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa nacho kimoja nyumbani.

Ni kweli kwamba vingine ni vichupa vya machozi?

Hapana. Hadithi hii ilienezwa na wakusanyaji wa mambo ya kale wa Ulaya, waliokuta vichupa vitupu makaburini na kuvihusisha na mstari wa Zaburi ya 56 unaosema machozi yatiwe katika chupa. Zaburi hiyo haikuwa inaeleza mazishi ya Warumi. Vichupa vilivyopimwa vimetoa mabaki ya mafuta na utomvu. Vilikuwa makaburini kwa sababu maiti walipakwa marashi na mifupa ikamiminiwa marashi, na kichupa kilichokwisha kazi kikaachwa palepale.

Vya kioo vilitengenezwaje?

Kwa njia mbili zilizo mbali sana kwa gharama.

Ya zamani ilianza kwa kiini. Fundi alifinyanga umbo la udongo na samadi kwenye ncha ya fimbo ya chuma, akalizungushia kioo kilichoyeyuka, kwa kawaida cha buluu nzito. Juu yake alizungusha nyuzi za kioo cha njano na cheupe, kisha akazikokota kwa ncha kali, juu na chini, zikawa mawimbi. Chupa ikishapoa, kiini kilikwanguliwa na kutolewa kupitia shingoni, punje kwa punje. Ukipata nafasi ya kuchungulia ndani ya kimoja, utaona ukuta umeparara na umeshika chembe za udongo. Kichupa kimoja kilikuwa kazi ya muda na subira, na bei yake ikafuata.

Halafu, katikati ya karne ya 1 KK, mafundi wa upande wa Shamu na Palestina wakagundua kwamba kioo kinaweza kupulizwa kwa bomba. Mabaki ya karakana ya mwanzo kabisa ya kazi hiyo yamefukuliwa Yerusalemu. Katika vizazi viwili kioo kilitoka kuwa kitu cha matajiri hadi kuwa cha kila mtu. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa wakati huo, anaandika kwamba Roma ungeweza kununua chombo cha kioo kwa sarafu ya shaba. Ndipo ungwentari za udongo zikafifia.

Kuna kichupa kimoja cha wakati huo chenye umbo la ndege, cha karne ya 1 BK, kilichopatikana sana Italia ya kaskazini. Kilijazwa unga au marashi, kisha mkia ukazibwa kwa moto. Ili kukitumia ulivunja ncha ya mkia. Makumbusho kadhaa yana ndege ambao hawajavunjwa, unga ungali tumboni.

Ile rangi ya upinde wa mvua waliiweka vipi?

Hawakuiweka. Kioo kikikaa ardhini karne nyingi, unyevu hunyonya magadi yaliyomo na kuacha tabaka nyembamba mno zinazovunja mwanga. Mwenyewe alinunua kichupa cha rangi ya kijani hafifu au buluu, kwa sababu ya chuma kilichokuwa ndani ya mchanga.

Alabasta ilikuwa na ubora gani zaidi?

Pliny anaitaja kuwa chombo bora cha kuhifadhia, na akaongeza kwamba jua ni adui wa marashi, ndiyo maana yaliwekwa kivulini ndani ya vyombo vya risasi. Jiwe hilo lina ukuta mnene, hukaa baridi na kuzuia mwanga. Kuhusu risasi, tuseme tu kwamba ngozi zao hazikuulizwa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilihusika?

Kwa upande wa malighafi, ndiyo. Ubani na manemane ni utomvu wa miti ya Somalia na kusini mwa Bara Arabu, na vilikuwa nguzo ya marashi ya gharama. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri, unapita bandari kwa bandari ukieleza kinachouzwa na kinachonunuliwa. Pwani ya Somalia unaitaja kwa ubani, manemane na mdalasini. Mdalasini huo ulitoka mbali zaidi mashariki na kupitia hapo. Ukiteremka hadi Rhapta, mji ambao wataalamu wengi wanauweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo, biashara inabadilika: pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa vinatoka, mikuki, vishoka, visu, misharasi na vitu vya kioo vinaingia. Marashi hayamo kwenye orodha ya Rhapta. Yamo kwenye ya Muza, bandari ya Yemen iliyofanya biashara na Rhapta, na ya Barygaza huko India, ambako mwandishi anashauri upeleke marashi ya bei nafuu na yasiwe mengi.

Wanajuaje kilichokuwamo baada ya miaka 2,000?

Udongo usiopakwa rangi ya kung'aa hunyonya mafuta, nayo hubaki kwenye vinyweleo vyake. Mtaalamu huchukua unga kidogo wa ukuta wa ndani na kuupitisha kwenye kromatografia ya gesi, ambayo hutenganisha kemikali moja moja.

Mfano mzuri ni wa Carmona, Hispania. Mwaka 2019 lilipatikana kaburi la Kirumi la karne ya 1 BK, na ndani ya chombo cha majivu cha mwanamke mmoja kulikuwa na kichupa kilichochongwa kwa kwazi (quartz), jiwe angavu kama kioo. Kizibo chake cha jiwe la dolomiti kilikuwa kimegandishwa kwa lami, na ile lami ndiyo iliyookoa kila kitu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta mafuta ya mimea yaliyotiwa pachuli, mmea wa India.

Naona vinauzwa mtandaoni kwa bei ndogo. Ninunue?

Ungwentari halisi ni nyingi, hivyo bei ndogo peke yake haithibitishi kwamba ni bandia. Shida ni mbili. Kwanza, bandia zipo, na ile rangi ya upinde wa mvua huigizwa kwa dawa. Ikitoka ukiisugua kwa kitambaa chenye maji kidogo, jihadhari. Pili, na kubwa zaidi, ni wizi makaburini. Ugiriki, Italia na Uturuki zimeweka sheria kali za kutoa vitu vya kale nchini, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ndio mpaka ambao wanunuzi waangalifu huutumia. Muuzaji asipoweza kuonyesha karatasi za kichupa kilipokuwa kabla ya mwaka huo, muache na chupa yake.

Nitaviona wapi bila kusafiri?

British Museum, Louvre na Metropolitan ya New York zimeweka picha za makusanyo yao kwenye tovuti zao, bila malipo. Tafuta kwa tahajia hizi: aryballos, alabastron, lekythos, unguentarium. Picha za Metropolitan zilizo huru kutumika unaweza pia kuzipakua na kuzikuza. Anza na aribalo za Korintho, na uangalie mdomo kabla ya picha.